Mashua Moja Kutoka Buganda

Mwaka mmoja niliombwa kwenda kuzungumza na usharika ulioko ufukweni, si mbali na Mwanza, uliogawanyika kwa ajili ya uchaguzi wa wazee wa kanisa. Kundi moja lilikaa kulia, jingine kushoto, na baada ya baraka kila kundi lilitoka kwa mlango wake. Sikuwa na hotuba. Niliwasimulia habari za ziwa lao wenyewe.

Wapendwa, mwaka 1879 Alexander Mackay wa shirika la CMS na Padre Lourdel walibishana vikali mbele ya Kabaka Mutesa. Mackay alikuwa akiongoza ibada, naye Lourdel akakataa kupiga magoti. Kabaka alibaki akishangaa: wageni hawa wanamhubiri Kristo mmoja, mbona hawawezi kusali pamoja? Tangu siku hiyo wasomaji wa Buganda walijifunza Injili na ugomvi kwa wakati mmoja.

Oktoba 1888 upepo uligeuka. Waislamu walishika utawala huko Mengo, wakawatia wamisionari wa pande zote mbili kifungoni pamoja, kisha wakawafukuza. Mashua ilikuwa moja tu, Eleanor, mali ya CMS. Mapadre na Waanglikana wakapanda humo pamoja na watoto waliokuwa wakiwalea. Njiani kiboko akaipiga mashua, maji yakaingia, na baadhi ya watoto wakafa maji. Mashua ikatengenezwa, safari ikaendelea hadi upande wetu wa kusini. Mapadre wakaenda Bukumbi, Waanglikana wakaenda Usambiro alikokuwa Mackay.

Katika kifungo kile na mashua ile, hakuna aliyeuliza nani apige magoti kwanza. Hilo hunigusa kuliko mijadala yao yote.

Kabaka Mwanga naye, baada ya kupinduliwa, alikimbilia kwetu: kwanza Magu, halafu Bukumbi kwa mapadre wale wale ambao waumini wao alikuwa amewachoma moto Namugongo mwaka 1886, Wakatoliki na Waanglikana katika moto mmoja. Wakristo wa pande zote wakaungana kumrudisha, na kufikia Februari 1890 alikuwa amekalia kiti chake tena.

Hapo ndipo umoja ulipoanza kuoza. Vyeo viligawanywa nusu kwa nusu, tena ikakubaliwa kwamba atakayehama dhehebu apoteze cheo chake. Kwa nje ilionekana haki. Lakini imani ya mtu ilikuwa imefungwa kwenye ardhi na mamlaka, na kila ubatizo ukawa hesabu ya kisiasa. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana Mengo, Wakristo kwa Wakristo, na bunduki ya Maxim ya Lugard ikaamua upande wa Waprotestanti. Wakatoliki wakakimbilia Buddu.

Nilipomaliza, mama mmoja mzee wa upande wa kushoto aliuliza kama wale waliopigana Mengo waliwakumbuka watoto waliokufa maji. Hakuna aliyemjibu. Kukawa kimya kirefu. Kisha mzee wa upande wa kulia akasimama, akaomba ajenda ya uchaguzi isogezwe mbele. Alitaka kwanza ipangwe zamu ya kumtembelea mgonjwa wa upande wa pili, ambaye wao hawakuwa wamekanyaga kwake tangu Pasaka.