Saa 72: Dawa za Kukinga VVU na Suala la Ukimya katika Fizi na Baraka

Utangulizi

Historia ya UKIMWI nchini Kongo imezoeleka kuandikwa kutoka Kinshasa, ambako Projet SIDA, mradi mkubwa wa utafiti, ulianzishwa mwaka 1984 na kuvunjika baada ya ghasia za mwaka 1991. Fizi, iliyoko kusini mwa Jimbo la Kivu ya Kusini, pamoja na mji wa Baraka ulio ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, hutajwa kwa nadra. Hata hivyo, ni huko ambako swali moja la msingi lilijitokeza waziwazi: dawa ya kinga yafaa nini iwapo anayeihitaji hawezi kusema yaliyompata? Makala haya yanachunguza swali hilo.

Kinga iliyotegemea hiari

Juhudi za awali nchini Zaire zililenga kubadili mwenendo wa watu. Mwaka 1987 mwanamuziki Franco Luambo Makiadi alitoa wimbo wa onyo, Attention na SIDA. Mwishoni mwa muongo huo, kondomu za Prudence ziliuzwa kwa bei nafuu ili zienee kwa wananchi. Wahubiri nao walisisitiza uaminifu katika ndoa. Mafundisho hayo yote yalichukulia kwamba mtu ana hiari juu ya mwili wake.

Vita vya mwaka 1996 na vile vya mwaka 1998 viliwaondolea wengi hiari hiyo. Maelfu ya wakazi wa Fizi walivuka ziwa kwenda Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Huko maradhi waliyoyajua kwa jina la Kifaransa, SIDA, yaliitwa UKIMWI. Jina lilikuwa jingine, lakini aibu iliyofungamana nayo ilikuwa ileile. Kwa waliobaki, ubakaji uligeuka kuwa silaha ya makundi yenye bunduki. Mwanamke aliyebakwa aliweza kukataliwa na mumewe na kusengenywa na majirani. Hivyo wengi walinyamaza. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 iliongeza adhabu za ubakaji, lakini sheria pekee haiwezi kumfungua mtu kinywa.

Dawa na muda wake

Dawa za kukinga baada ya tukio la hatari hazikubuniwa kwa ajili ya vita. Zilianzia hospitalini, kwa wauguzi na madaktari waliochomwa na sindano zenye damu ya wagonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa dawa ya zidovudini ilihusishwa na kupungua kwa uwezekano wa maambukizo yao kwa takriban asilimia 81. Dawa hizo huzuia virusi kujizalisha kabla havijajikita mwilini. Kwa sababu hiyo ni lazima zianzwe mapema iwezekanavyo, wala si baada ya saa 72, na zimezwe kwa siku 28.

Kwa muuguzi aliye hospitalini, saa 72 ni muda wa kutosha. Kwa mwanamke wa Fizi, ndani ya saa hizo alipaswa kushinda hofu, kumwambia mtu, kisha kupata njia ya kufika penye dawa. Ukimya uliodhaniwa kumhifadhia heshima ulikuwa unampotezea kinga.

Januari 2011

Tarehe 1 Januari 2011 wanajeshi wa serikali waliushambulia mji wa Fizi na kubaka wanawake wengi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), lililokuwa likifanya kazi Baraka, lilitangaza siku chache baadaye kwamba lilikuwa limewatibu wanawake 33. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi inayotembea ilikaa Baraka, na makumi ya wanawake wakatoa ushahidi. Tarehe 21 Februari Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Kwa hiyo kauli ileile iliyohitajika ili kupata dawa ndiyo iliyohitajika pia ili kupata haki.

Hitimisho

Mwaka huohuo majaribio yaliyofanywa Kenya na Uganda yalithibitisha kuwa kidonge cha kila siku, kinachomezwa kabla ya hatari, huzuia maambukizo. Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza kwa wote walio katika hatari kubwa mwaka 2015. Kidonge hicho kina faida moja kubwa: mwanamke aweza kukimeza bila ya ridhaa ya mwanamume. Lakini kinadai ugavi usiokatika, na hilo ndilo Fizi imelikosa. Desemba 2020 MSF ilitangaza kuacha sehemu kubwa ya kazi zake huko kwa sababu ya usalama, na kukatwa kwa misaada ya Marekani mwaka 2025 kuliyumbisha upatikanaji wa dawa za kinga mashariki mwa Kongo. Wanawake waliojitokeza mwaka 2011 walionyesha kwamba ukimya waweza kuvunjwa. Wajibu uliobaki ni wa wengine: kuhakikisha kwamba anayesema kwa wakati anaikuta dawa.