Moscow, London na sisi wa Kituku

Hapa Kituku, ufukweni mwa Ziwa Kivu mjini Goma, boti za Idjwi na Minova zikishusha makala na mihogo, redio ndiyo iliyotufungulia dunia. London ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, Moscow ikafuata 1960. Marehemu baba alizisikiliza zote mbili: antena ameielekeza ziwani, anazungusha kitufe polepole mpaka mikwaruzo itulie. Mwaka 1961 Warusi walikipa chuo chao cha Moscow jina la Lumumba wetu.

Vitabu navyo vilipita njia hizo. Nyerere alitoa tafsiri yake ya Kiswahili ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963. Shirika la Progress la Moscow likachapa vitabu vya Kiswahili. Lakini kinachonigusa zaidi ni kisa cha Ngũgĩ wa Thiong'o. Riwaya yake ya Kiingereza, Petals of Blood, aliimalizia Yalta mwaka 1975, akiwa mgeni wa waandishi wa Kisovyeti, na ikatoka London 1977. Humo wanakijiji wa Ilmorog, waliochoshwa na ukame, wanafunga safari kwa miguu hadi Nairobi kumtafuta mbunge wao. Nawajua watu hao, nanunua nao samaki kila asubuhi.