Chuma cha Buhaya: Kutoka Tanuri hadi Mashine ya Kukereza

Uyeyushaji wa chuma katika nchi ya Wahaya, ambako leo ziko wilaya za Bukoba na Muleba, una umri wa takriban miaka 2,000. Huko Katuruka, karibu na Maruku, na Kemondo, wanaakiolojia wamefukua mashimo ya tanuri, vipande vya mabomba ya udongo na mavi ya chuma.

Namna kazi ilivyofanyika ilidhihirika mwaka 1976, wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walipojenga tanuri upya mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery. Shimo lilisiribwa udongo wa kichuguu, likajazwa matete ya bondeni yaliyochomwa hadi kuwa makaa. Juu yake ukapandishwa ukuta wa udongo uleule na mabonge ya mavi ya chuma ya zamani. Hata taka ya mababu ilikuwa na kazi. Mawe ya chuma yalichomwa kwanza, kisha yakatiwa tanurini pamoja na mkaa. Mabomba manane yalipenya hadi ndani, na mivukuto ikafanya kazi kwa saa nyingi. Lilitoka bonge lenye kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua. Mwaka 1978 watafiti hao waliandika katika jarida la Science kwamba hewa ilipata moto ndani ya mabomba kabla ya kufika kwenye mkaa. Wataalamu wengine wamelipinga dai hilo, lakini ubishi huo ni juu ya hewa. Bonge lenyewe lilionekana.

Kilichozima tanuri si upungufu wa ujuzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 majembe na vyuma vya Ulaya viliuzwa kwa bei ambayo mkaa na jasho havikuweza kushindana nayo. Mhunzi akabaki kufua vyuma chakavu: umbo lilikuwa bado lake, chuma kikawa cha wengine.

Baada ya uhuru serikali ilitaka karakana zienee. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, kwa sheria ya 1994. Kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, wilayani Hai, kilijengwa kwa msaada wa Bulgaria ili nchi ijitengenezee mashine za karakana. Kwenye mashine ya kukereza, mojawapo ya mashine za karakana, chuma ndicho kinachozunguka. Fundi husogeza kisu kwa mkono na kupima kila mara.

Kisu pia kinaweza kusogezwa bila mkono: mashine inayoongozwa kwa namba ilionyeshwa Marekani mwaka 1952 katika chuo cha MIT, ikisoma utepe wenye matundu. Baadaye kompyuta ikachukua nafasi ya utepe. Hapo mkono haugusi kisu: fundi huandika programu ya mwendo wake, mashine huufuata. Faida yake huonekana vipande vinavyofanana vinapohitajika kwa wingi. Kwa shafti moja iliyolika ya mashine ya kukoboa kahawa, kuandika na kujaribu programu kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuikereza kwa mkono, na ndiyo maana mashine ya mkono haijapoteza kazi.