Kijana Naye Alikuwa Kitoto: Historia Fupi ya Ngeli

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu tazama sentensi mbili: "Kitoto kimelala" na "Kijana kimelala." Ya kwanza ni sahihi, ya pili ina kosa. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili hapa Kariandusi alipokosa alama kwa ile ya pili aliniuliza, "Mwalimu, si maneno yote mawili yanaanza kwa ki-?" Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyo. Jibu hilo halikutosha.

Wamisionari walioandika sarufi za mwanzo za Kiswahili, Ludwig Krapf mwaka 1850 na Edward Steere mwaka 1870, walikuwa wamesoma Kilatini. Katika lugha hiyo mtoto wa kiume ni puer anapotenda, puerum anapotendwa, na puero anapopewa kitu. Mwisho wa neno hutaja kazi yake katika sentensi. Katika Kiswahili, mtoto akimwona mwalimu au akionwa naye, hubaki mtoto. Kinachobadilika ni mwanzo wa neno, nao huonyesha tunavyomtazama: mtoto, kitoto, jitoto.

Baadaye Wilhelm Bleek, katika sarufi linganishi aliyoitoa 1862 na 1869, aliviwekea viambishi vya ngeli nambari, na Carl Meinhof akauendeleza mpango huo. Humo m- ni 1, wa- ni 2 na ki- ni 7. Mpango huu hufuata umbo, na kwa umbo kijana huketi pamoja na kitoto. Sisi madarasani husema A-WA na KI-VI, yaani hufuata upatanisho.

Kwa nini basi kijana yumo katika A-WA? Louis Leakey alifukua shoka za mawe hapa kwetu kuanzia mwaka 1929. Nasi tulifukue neno hili. Mzizi wake ni -ana, ule wa mwana. Wanafunzi wangu wanaozungumza Kikuyu wanaujua: mwana, na katika udogo, kaana. Kijana nalo lilikuwa udogo wa mwana. Matumizi ya muda mrefu yameufuta udogo huo; likabaki jina la mtu, likachukua upatanisho wa watu. Kitoto bado lina udogo wake.

Kwa hiyo, mtahiniwa, usiulize tu neno linaanza na nini. Uliza kama udogo umekusudiwa. Na katika fasihi, msimulizi akisema "kitoto kile", chunguza: je, anambeza mtoto huyo au anamwonea huruma? Hapo sarufi imekufungulia mlango wa uhakiki.