Mpaka uliowatenganisha wanafunzi wa Detroit

Mnamo Mei 17, 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja, katika kesi ya Brown, kwamba ni kinyume cha katiba kuwatenga wanafunzi weusi na weupe katika shule za umma. Hata hivyo, katika miji ya kaskazini utengano ulifuata mitaa ambamo watu waliishi, na wenye uwezo wa kuhama walihama.

Jiji la Detroit, jimbo la Michigan, lilikuwa na wakazi takriban milioni 1.85 mwaka wa 1950. Kisha familia za Wazungu zikamiminika vitongojini, ng'ambo ya barabara ya Eight Mile. Hawakufuata hewa safi pekee. Idara ya serikali kuu iliyodhamini mikopo ya nyumba ilikwepa mitaa ya weusi. Mnamo 1941 mjenzi mmoja aliinua ukuta karibu na barabara hiyo kuwatenga majirani weusi, ndipo nyumba zake zikapata dhamana. Sehemu kubwa ya ukuta huo ingalipo.

Kufikia 1970, takriban thuluthi mbili ya wanafunzi wa shule za umma jijini walikuwa weusi. Chama cha kutetea weusi, NAACP, kikaenda mahakamani. Jaji Stephen Roth alitambua kwamba huwezi kuchanganya wanafunzi ndani ya jiji ambalo Wazungu wanalihama. Mnamo 1972 aliagiza wilaya 53 za elimu za vitongojini ziingizwe pamoja na Detroit katika mpango mmoja wa kuwasafirisha wanafunzi kwa mabasi. Hasira ilikuwa imekwisha kupanda: Agosti 1971, mabasi 10 ya shule yalilipuliwa katika mji jirani wa Pontiac.

Julai 25, 1974, Mahakama ya Juu ilibatilisha agizo la Roth kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Mkuu Warren Burger alishikilia kwamba vitongoji haviwezi kubebeshwa mzigo huo bila ushahidi kuwa vilichangia ubaguzi. Jaji Thurgood Marshall alipinga, akionya kuwa majiji yangegawanyika kila moja kuwa miji miwili, wa weupe na wa weusi. Ndiye wakili aliyeshinda kesi ya Brown, na ndiye aliyewashauri wajumbe wa Kenya kuhusu haki za kikatiba katika mkutano wa Lancaster House, London, mwaka wa 1960.

Tangu hapo mzazi Mzungu aliyetaka kuyakwepa mabasi alihitaji kuvuka mpaka tu. Mnamo 1977 mahakama hiyo iliitaka Michigan igharamie sehemu ya masomo ya kuwainua wanafunzi wa Detroit, lakini mpaka wenyewe haukuguswa. Sensa ya 2020 iliwapata wakazi 639,111 jijini.