HOMA YA BONDE LA UFA: HABARI ZAKE TANGU NAIVASHA HATA ISIOLO

Baada ya hesabu ya fedha na taarifa ya mazishi, tumeona yafaa kuwawekea kwa maandishi habari za ugonjwa mmoja uenezwao na mbu. Si malaria, ambayo kila nyumba yaijua, bali ni homa ya Bonde la Ufa, ambayo huanza zizini ndipo ikamfikia mwenye zizi.

Ugonjwa huu ulitambuliwa hapa hapa Kenya. Mwaka 1930, katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, kondoo walitupa mimba na wana-kondoo wakafa kwa wingi. Wataalamu Daubney, Hudson na Garnham walichunguza, na mwaka 1931 wakatangaza kwamba ni ugonjwa wa virusi. Waliona pia kwamba kondoo walipopandishwa nyanda za juu zenye baridi, vifo vilikoma. Ndipo mbu akashukiwa.

Baadaye ilijulikana kwa nini ugonjwa hupotea miaka mingi, kisha ukarudi ghafula. Mayai ya mbu fulani hukaa katika udongo mkavu wa mabonde, yakiwa na virusi ndani yake. Mvua kubwa ikifurika mahali hapo, mayai huanguliwa, na mbu huwauma wanyama. Watu wengi huupata kwa kugusa damu, nyama mbichi au mimba iliyotupwa.

Ndivyo ilivyokuwa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, katika Kaskazini Mashariki na nchi ya Somalia. Ukarudi Garissa mwishoni mwa 2006, na hadi 2007 watu zaidi ya 150 walikufa katika Kenya. Masoko ya mifugo yalifungwa, kuchinja kukakatazwa, na wachungaji, wachuuzi na wachinjaji wakakosa riziki. Kisha zamu yetu ikafika. Mwishoni mwa 2020 wachungaji wa Sericho, upande wa Garbatula, waliugua. Hadi mwanzo wa Februari 2021, Isiolo na Mandera pamoja zilikuwa na wagonjwa 32, na 11 kati yao walikufa.

Jambo moja latupasa kulitafakari. Mwaka 2006 wachungaji waliona mafuriko, makundi ya mbu na mimba zikitupwa kabla habari hazijafika serikalini. Wasomali walikuwa na jina lake, sandik, kwa sababu ya damu itokayo puani. Elimu ilikuwapo, iliyochelewa ni habari. Na twajua sababu mojawapo: mwenye mifugo huogopa kwamba akinena, soko litafungwa. Hofu hiyo si ya kuchekwa, kwa maana ada za wengi wetu hutokana na mbuzi aliyeuzwa. Lakini anyamazaye haliokoi soko. Hufungwa vile vile, tena makaburi yakiwa yamekwisha kuchimbwa.

Kwa hiyo twawaomba wazee: mvua kubwa ikinyesha na mimba zikitupwa zizini, daktari wa mifugo aarifiwe siku ile ile. Wanyama wachanjwe mapema, kabla ya ugonjwa kuingia, kwa kuwa sindano moja ikipita katika kundi lenye ugonjwa yaweza kuueneza. Maziwa yachemshwe, nyama ipikwe ikaiva. Wala katika matanga yetu asichinjwe mnyama mgonjwa kwa kuhurumia hasara. Chama kizikacho wafu wake chapaswa kuwaonya pia walio hai.