Le na La Kusini mwa Ziwa Viktoria

Kifaransa kilifika ufukwe wa kusini wa Ziwa Viktoria mwishoni mwa mwaka 1878. Waliokileta ni Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa Algiers na Charles Lavigerie mwaka 1868, ambao wengi waliwajua kwa jina la Mapadri Weupe kwa ajili ya kanzu zao. Msafara wao wa kwanza, wakiwamo Léon Livinhac na Siméon Lourdel, ulipita Bagamoyo na Tabora ukafika Kageye, kaskazini mwa mahali lilipo jiji la Mwanza leo. Lourdel alivuka maji na kuingia Buganda Februari 1879. Mapadri walipoondoka Buganda mwaka 1882, walirudi kusini, na mwaka uliofuata wakajenga kituo Kamoga katika nchi ya Bukumbi, upande wa kusini wa Mwanza. Igoma, ambayo leo ni kata ya mashariki ya jiji kando ya barabara ya Musoma, imo katika ukanda huohuo kati ya Kageye na Bukumbi.

Mapadri hao walikuwa na lugha yenye makundi mawili tu ya nomino, la kiume (le) na la kike (la), nao wakajikuta katikati ya lugha zenye makundi mengi. Lavigerie aliwaagiza wazungumze lugha za wenyeji, na agizo hilo halikuacha nafasi ya kukwepa sarufi. Padri aliyetaka kusema Kisukuma ilimbidi ajue kwamba munhu, yaani mtu, wakiwa wengi ni banhu, na kwamba badiliko hilo haliishii kwenye nomino bali linakwenda hadi kwenye sifa, kionyeshi na kitenzi. Ugumu wenyewe haukuwa mgeni kwa Ulaya. Mwaka 1659 Mkapuchini Giacinto Brusciotto alichapisha Roma sarufi ya Kikongo, akayapanga majina kwa vianzio vyake. Mwaka 1851 Wilhelm Bleek alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Bonn kwa tasnifu ya Kilatini kuhusu jinsia za nomino katika lugha za kusini mwa Afrika, na baadaye ndiye aliyezipa ngeli za Kibantu namba. Kwa Bleek, ngeli za Kibantu na jinsia za Ulaya zilikuwa ndugu: zote ni njia ya kugawa nomino katika makundi yanayoamrisha maneno mengine. Wanaisimu wengi wa leo wanakubaliana naye. Greville Corbett, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu jinsia ya kisarufi, anavipima Kifaransa na Kiswahili kwa kipimo kimoja.

Wafaransa nao walitoa mchango wao. Sarufi ya Kiganda iliyotokana na kazi ya Livinhac ilichapishwa Paris mwaka 1885. Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyefika Zanzibar mwaka 1879, alitoa sarufi ya lahaja za Kiswahili mwaka 1909, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikatoka kati ya mwaka 1939 na 1941. Kwa hiyo karne ya kwanza ya kukutana kwa mifumo hii miwili ilikuwa zaidi ya Wafaransa kujifunza ngeli kuliko Waafrika kujifunza jinsia.

Wenyeji walikisikia Kifaransa, lakini walikimega kwa kisu chao. Waganda walimwita Lourdel Mapeera, kutokana na mon père, “baba yangu”, ambapo mon ni umbo la kiume la “yangu”. Katika Kinyarwanda mtawa wa kike aliitwa masera, kutokana na ma sœur, “dada yangu”, ambapo ma ni umbo la kike. Jinsia mbili ambazo Mfaransa hawezi kuzichanganya zikawa silabi moja mwanzoni mwa jina. Hakuna kosa hapo. Msikilizaji wa Kibantu hutafuta kundi la nomino mwanzoni mwake, akikuta kitu kimeganda hapo anakihesabu kuwa sehemu ya neno.

Jinsia ya nomino kama somo la darasani ililetwa kandokando ya ziwa na Kilatini kabla ya Kifaransa. Seminari ya Rubya, upande wa magharibi wa ziwa, ilifundisha vijana waliotoka mbali, hata visiwani. Mmoja wao ni Aniceti Kitereza, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1896, ambaye baadaye aliandika kwa Kikerewe riwaya iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980 kama Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, naye alipita Rubya. Kilatini kina jinsia tatu, na mwanafunzi alianza kwa kukariri miisho: -us ya kiume, -a ya kike, -um isiyo ya kiume wala ya kike. Kisha zikaja nomino zisizotii. Nauta, baharia, inaishia kwa -a na ni ya kiume. Manus, mkono, inaishia kwa -us na ni ya kike. Mafunzo yalikuwa makavu, ila yalimzoeza mwanafunzi jambo moja la maana: katika lugha kama Kilatini na Kifaransa kundi la nomino hutafutwa mkiani.

Kifaransa chenyewe hakikupata nafasi kubwa Mwanza. Wajerumani walijenga boma lao hapo miaka ya 1890, Waingereza wakauteka mji mwaka 1916, na shule zikafuata watawala. Hata ndani ya Kanisa lugha ya waanzilishi ilififia: Joseph Sweens, Antonius Oomen na Joseph Blomjous, waliofuatana katika uaskofu kusini mwa ziwa tangu mwaka 1910 hadi miaka ya 1960, walikuwa Waholanzi. Baada ya uhuru Kifaransa kilibaki somo la hiari katika baadhi ya sekondari.

Mwanafunzi anayekichagua hukutana na mfumo ulioharibika njiani, na hilo lastahili kuelezwa waziwazi kuliko vitabu vingi vinavyofanya. Kilatini cha watu wa kawaida kilipogeuka kuwa Kifaransa, jinsia ya tatu ilikufa. Nomino zake nyingi zilihamia upande wa kiume. Nyingine, ambazo wingi wake uliishia kwa -a, zilidhaniwa kuwa za kike kwa sababu ya sauti hiyo tu: folia, majani, ikawa la feuille, jani moja la kike. Mare, bahari, ikawa ya kike katika Kifaransa na ya kiume katika Kiitalia. Kumwambia mwanafunzi kwamba bahari ni “mwanamke” ni kumtafutia sababu isiyokuwapo. Kwa nomino nyingi za vitu, jinsia ni mabaki ya historia ya sauti.

Mabaki hayo, hata hivyo, yana utaratibu. Mwaka 1977 Richard Tucker, Wallace Lambert na André Rigault walichapisha utafiti uliofanyika Kanada, ulioonyesha kwamba wazawa wa Kifaransa huweza kukisia jinsia ya neno kwa kusikiliza mwisho wake, hata neno wasilolijua. Nomino zinazoishia kwa -tion ni za kike karibu zote. Zinazoishia kwa -ment na -eau kwa kawaida ni za kiume, isipokuwa chache kama l'eau, maji, na la peau, ngozi. Zenye -age kwa kawaida ni za kiume, ila chache kama la page, la plage, la cage na l'image zimejitenga. Miti ni ya kiume, na matunda yake mara nyingi ni ya kike: le manguier huzaa la mangue, le bananier huzaa la banane.

Mtoto wa Igoma anayezungumza Kisukuma nyumbani na Kiswahili shuleni analijua tayari jambo ambalo Mwingereza hulihangaikia miaka, yaani upatanisho. Anayesema “viti vyangu viwili vizuri vimevunjika” hashangai akiona chaise, kiti, ikidai belle, umbo la kike la “zuri”, badala ya beau. Kinachompa taabu ni kwamba Kifaransa hakivai sare mwanzoni mwa nomino, na kwamba wingi, ambao katika Kiswahili huiweka ngeli wazi, katika Kifaransa huifunika: le na la zote huwa les, mon na ma zote huwa mes. Kiti kimoja kinaonyesha jinsia yake, viti kumi vinaificha.

Msamiati wa Mwanza unatosha kwa zoezi. Sangara ni la perche du Nil, sato ni le tilapia, mtumbwi ni la pirogue, pamba ni le coton. Wavu ni le filet, na minofu ya sangara inayosafirishwa Ulaya nayo ni filet, ya kiume vilevile. Ziwa ni le lac, kwa hiyo Mfaransa husema le lac Victoria, na umalkia wa mwenye jina haubadilishi kitu. Majina ya nchi yanayoishia kwa -e kwa kawaida ni ya kike, ndiyo maana ni la Tanzanie lakini le Kenya, le Rwanda na le Burundi. Le Mozambique imeikaidi kanuni, na mtunga mtihani huipenda sana.

Kwa viumbe hai lugha hizi hupishana. Kiswahili hulegeza umbo kwa ajili ya uhai: kifaru anakuja, kipofu yule amefika, ingawa nomino zote mbili zina ki-. Kifaransa katika baadhi ya maneno hushikilia umbo. La personne, mtu, na la victime, mwathirika, ni za kike hata zikimtaja mwanamume. Katika habari ya Kifaransa kuhusu MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996 na ambayo baadhi ya waliofariki walizikwa Igoma, kila aliyepotea ni une victime, mzee au binti. Kundi lenye wasichana 40 na mvulana mmoja, kinyume chake, huitwa ils, kwa umbo la kiume, kanuni ambayo wanasarufi wa karne ya 17 waliitetea kwa kudai kwamba jinsia ya kiume ina hadhi zaidi. Kiswahili kinasema “wao” na kuendelea na safari. Vyeo vimebishaniwa hadi juzi: Académie française, iliyoanzishwa mwaka 1635, ilikubali maumbo ya kike ya majina ya kazi Februari 2019.

Haja ya Kifaransa kandokando ya ziwa imeongezeka kwa njia ya siasa na biashara. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wakuu wa nchi wakaridhia Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya mwaka 2021, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga mwaka 2022. Zana za mwanafunzi bado ni zilezile. Kamusi za Kifaransa huandika n.m. (nomino ya kiume) au n.f. (nomino ya kike) baada ya nomino, sawa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu inavyoweka alama ya ngeli. Walimu wazoefu huagiza neno liandikwe daftarini pamoja na un au une badala ya le na la, kwa kuwa mbele ya sauti ya irabu, le na la hukatwa zikawa l': l'école, l'hôpital. Une école na un hôpital hazifichi kitu.